Uzi maalumu wa bonsai za juniperi na mtarakwa: maji, udongo, waya, na kwa nini zinakufa ndani ya nyumba

Chungu Bapa (mwanzisha uzi, Arusha)

Wakuu, salaam. Jukwaa hili la bustani halikosi swali lile lile: "Nimepata kabonsai ka juniperi, kalikuwa kazuri sana, sasa kanageuka hudhurungi, nifanyeje?" Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu. Tuweke kila kitu humu. Kwa mgeni: bonsai ni mti unaofugwa mdogo chunguni kwa kupogoa na kufunga waya, na mtarakwa ni juniperi yetu ya milimani. Mwenye uzoefu aongezee, na mwenye kunipinga anipinge kwa hoja.

Naanza na kinachoziua nyingi. Juniperi si mti wa sebuleni. Hakuna hata aina moja ya juniperi inayoishi ndani. Ni mti wa jua kali, upepo na baridi ya usiku. Ukiuweka mezani karibu na televisheni, au hata dirishani, mwanga unaoupata ni kidogo mno kuliko wa nje, kwa hiyo unaanza kula akiba yake. Akiba ikiisha, umekufa.

Tatizo ni kwamba hausemi. Juniperi ikifa mizizi, majani hubaki kijani kwa wiki kadhaa, kama maua ya kukatwa yaliyotiwa kwenye jagi. Wewe unaendelea kumwagilia na kuwaonyesha wageni, kumbe ni maiti. Ukiona hudhurungi imeenea mti mzima, jambo lenyewe lilitokea zamani, na mbolea utakayonunua leo haitafanya kitu. Ndiyo maana kwenye juniperi hatusubiri dalili, tunazuia.

Jambo la pili ni maji. Sahau habari ya "mara mbili kwa wiki". Chukua njiti ya mshikaki, ichomeke kwenye udongo karibu na ukingo wa chungu, iache kidogo kisha uichomoe. Ikitoka na unyevu na rangi imekolea, subiri. Ikitoka inakaribia kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke kwa wingi kwenye matundu ya chini, pumzika kidogo, mwagilia tena. Kunyunyizia majani kwa kichupa cha dawa ya nywele si kumwagilia. Mizizi ndiyo inayokunywa.

Na wale mliouziwa chungu chenye changarawe zilizogandishwa kwa gundi juu ya udongo: zibanduliwe leo. Ziliwekwa ili chungu kisimwagike safarini. Maji yanateleza juu yake, yanamwagika pembeni, katikati mizizi inabaki kavu. Pia geuza chungu uhakikishe kina tundu chini.

Udongo, waya na kupogoa nitakuja navyo. Ulizeni.

Mzee wa Kigamboni

Nimeweka kiti hapa. Swali langu dogo tu, mkuu: sisi wa Dar tunaruhusiwa, au huu ni mchezo wa watu wa milimani?

Chungu Bapa

Mzee wangu, nitakwambia ukweli ambao muuza miche hatakwambia. Mtarakwa wa milimani ukiuleta Kigamboni utateseka: joto halishuki usiku na unyevunyevu wa hewa unaleta kuvu. Juniperi za Kichina zinavumilia joto zaidi, watu wa Taiwan na Indonesia wanazifuga vizuri sana, ingawa Indonesia wengi wanazikuzia sehemu za juu kwenye ubaridi. Ukitaka kujaribu, anza na ya Kichina, juani kutwa, udongo unaopitisha maji haraka, na usiiguseguse.

Ila mimi ningekuwa pwani ningefuga mkwaju. Majani yake ni madogo, gome linazeeka mapema, na unatoa machipukizi hata ukiukata vibaya. Au *Pemphis acidula*, ule mti mgumu unaoota juu ya mawe ya matumbawe unaopigwa na maji ya chumvi. Waindonesia wanauhusudu kuliko kitu chochote, na sisi tunao ufukweni hatuutazami. Usiende kuung'oa kwenye hifadhi tu.

Mama Kitalu (Lushoto)

Asante kwa uzi. Huku kwetu Shume na Magamba mtarakwa ni mti wa kawaida, wazee walijengea nguzo na vigae vya mbao vya paa. Nimesikia bonsai inataka miti ya Japani. Huu wetu unafaa kweli? Maana miche ninayo kwenye viriba, inachoma vidole balaa.

Chungu Bapa

Dada, huko ndiko kwenyewe hasa. Mtarakwa, *Juniperus procera*, ndiyo juniperi pekee duniani iliyovuka ikweta kwenda kusini kwa asili yake. Unaanzia milima ya Saudi Arabia na Yemen, Ethiopia, unashuka Kenya kwenye Aberdare na Mau, unakuja Meru, Kilimanjaro upande wa kaskazini, Usambara, unaishia Zimbabwe. Mti mzima porini unaweza kufika mita 40, lakini urefu si tatizo kwenye chungu. Na hauna haja ya theluji wala usingizi wa majira ya baridi. Juniperi za Japani huko kwao hupumzika kwenye baridi, na ukizinyima mapumziko hayo mwaka baada ya mwaka baadhi zinadhoofika. Wa kwetu umezoea mwaka wa ikweta.

Kuchoma vidole ni utoto. Mche mchanga una majani ya sindano, ukikua unaanza kutoa majani ya magamba, yale laini yanayolala juu ya kijiti. Ukiupogoa kwa fujo, hata mti mkubwa hurudi kwenye sindano kwa hasira. Ukiona hivyo uache upumzike.

Kwenye viriba vyako chagua hivi: usitazame majani, tazama chini ya shina. Unataka shina lililopinda lenyewe, lenye matawi ya chini ambayo bado yana kijani. Kisha pasua kiriba uangalie mzizi mkuu. Ukiwa umejizungusha chini kama ulivyobanwa na plastiki, ukate, panda mche juu ya kigae kilicholazwa kwenye udongo ili mizizi itambae pembeni. Uache ardhini miaka kadhaa. Shina linanenepa ardhini, halinenepi kwenye sinia. Wengi wanakimbilia chungu bapa mapema, wanabaki na kijiti chembamba milele.

Acha na tawi moja la chini likue ovyo bila kuguswa. Hilo ni la kunenepesha shina, utalikata baadaye.

Nyundo

Samahani mkuu, napinga kidogo. Nimefuga zote mbili. Mtarakwa majani yake ni marefu na yamelegea, huwezi kupata yale mawingu ya majani yaliyobana ya shimpaku, juniperi ya Japani. Tusidanganyane kwa uzalendo.

Chungu Bapa

Nyundo, hapo uko sahihi nusu. Shimpaku, ile *Juniperus chinensis* ya milimani Japani, ina majani yaliyobana kuliko juniperi yoyote, ndiyo maana Wajapani wa mwanzo wa karne ya 20 walikuwa wanajifunga kamba kushuka kwenye majabali ya Ishizuchi na Itoigawa kuichimba. Wapo waliokufa huko. Ukiweka chungu kidogo cha sentimita 20, shimpaku inashinda, sibishi.

Lakini nani alisema lazima iwe ndogo hivyo? Mtarakwa upe umbo kubwa zaidi, matawi yanayoning'inia kidogo kama ulivyo porini mti uliozeeka na ndevu zake za kuvu-mwani. Hatulazimiki kutengeneza mlima wa Japani Ngaramtoni. Hilo ndilo ninalolisimamia kwenye uzi huu: anza na juniperi inayoijua hewa ya mahali pako, mengine ni mkasi na subira.

Nyundo

Hahaha haya. Ila mawingu yangu siachi.

Msafiri wa Ziwa (Minneapolis)

Habari za nyumbani. Mimi niko Marekani, nilizawadiwa hizi zinazouzwa madukani wakati wa sikukuu, kakaratasi kameandikwa "Juniper Bonsai" basi. Sasa ni baridi ya kufa mtu, theluji iko magotini. Unasema niiweke nje? Kweli kaka? Si itaganda?

Chungu Bapa

Dada, karibu hakika hiyo ni *Juniperus procumbens* aina ya Nana, ndiyo inayouzwa huko kila mahali. Porini ni mti wa kutambaa wa pwani za Japani. Baridi yenyewe inaivumilia sana, majani hayana wasiwasi. Hatari ni mizizi. Ardhini mizizi imefunikwa na udongo mwingi. Kwenye chungu kidogo baridi inapita pande zote.

Kwa kuwa sasa imekaa ndani kwenye joto, usiitoe ghafla kwenye baridi hiyo, utaiua mara moja. Itafutie sehemu ya ndani isiyopashwa moto, kama gereji, yenye baridi lakini isiyogandisha sana, karibu na dirisha. Ikipata baridi ya kutosha italala, na ikilala haihitaji mwanga mwingi. Angalia maji hata huko, kwa njiti ile ile, maana mti uliolala nao hukauka. Majira ya kuchipua yakifika, itoe nje taratibu, kwanza kivulini, kisha jua la asubuhi, kisha jua lote. Isirudi ndani tena. Msimu wa baridi unaofuata ianze kuzoea nje tangu vuli ya huko, kisha zika chungu chote ardhini nyuma ya ukuta usiopigwa na upepo, funika juu kwa majani makavu. Theluji ikianguka juu yake iache, inafunika.

Ikianza kupoteza mng'ao, kijani kikawa cha majivu na majani yanakatika ukiyabana kwa vidole, usijilaumu. Nyingi zinafika dukani zimeshachoka.

Wa Limuru

Mimi niko Limuru, baridi ya hapa na ukungu inawafaa kabisa. Wangu ni wa Kichina, ulikuwa kwa ua wa jirani, aling'oa akanipa. Shida yangu ni hii: matawi ya ndani yanageuka manjano kisha yanakauka, lakini ncha ni kijani safi. Niko na ugonjwa ama?

Chungu Bapa

Ndugu, hudhurungi si moja, mahali ilipo ndipo penye jibu.

Ikiwa ndani karibu na shina na ncha ni nzima, kama yako, mara nyingi ni majani ya zamani yaliyofunikwa na kivuli. Mti unayaacha wenyewe. Ondoa yaliyokauka kwa mkono, kisha punguza matawi ya juu ili jua lipenye. Usipolishughulikia hili utapata mti wenye kijani nchani tu, na juniperi haichipui kwenye kijiti kisicho na jani. Hapo ndipo watu wa mikuyu na bugenvilea wanapoharibu: wanakata tawi likabaki tupu wakisubiri machipukizi. Kwenye juniperi tawi tupu ni tawi lililokufa. Daima acha kijani upande wa shina kabla ya kukata.

Ikiwa ni ncha changa ndizo zinazokauka, hasa kipindi cha mvua nyingi, shuku kuvu. Kata sehemu iliyoathirika mpaka kwenye uzima, choma ulichokata, safisha mkasi kwa spiriti, acha kumwagilia majani jioni, sogeza vyungu vipate hewa.

Ikiwa ni vidoadoa, mti mzima umepauka na kuwa na rangi ya vumbi wakati wa kiangazi, hao ni utitiri mwekundu. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge. Vikianguka vinukta, subiri uone kama vinatembea. Pitisha kidole: mstari mwekundu ukitokea umepata jibu. Upige mti maji ya nguvu kwa mpira, chini ya majani hasa, rudia kila baada ya siku chache maana mayai hayaondoki kwa mara moja. Utitiri unapenda joto, ukame na vumbi, kwa hiyo aliye kando ya barabara ya vumbi awe anaosha mti wake hata kabla hajaona kitu.

Ukiona mti mzima umefifia kwa pamoja, twende kwenye mizizi. Ama imekauka, ama imeoza.

Mama Kitalu

Na udongo kaka? Mie ningetia udongo wa msituni na samadi, ndio tunaooteshea miche.

Chungu Bapa

Kwa kitalu sawa kabisa. Kwa sinia ya bonsai hapana. Udongo wa msituni kwenye chombo chenye kina cha vidole vichache unashikana, hewa inakosa njia, mizizi inaoza kwenye masika. Tunataka punje, si vumbi.

Japani wanatumia akadama, udongo mgumu wa volkano unaochimbwa na kukaushwa, wakichanganya na mawe mepesi ya volkano. Kuagiza huo mpaka hapa ni kutupa hela wakati tumekaa juu ya volkano. Mimi natumia moramu ya volkano ya huku Arusha, naiponda, naichekecha mara mbili: kwanza chekeche la matundu makubwa kuondoa mawe, kisha chekeche dogo kuondoa vumbi. Kinachobaki, punje za milimita 3 mpaka 6, kinaoshwa mpaka maji yawe meupe. Nachanganya na chenga za mkaa kidogo na mboji iliyoiva kwa mbali. Asiye na moramu aponde matofali ya kuchoma, nayo ni sawa.

Kuhamisha mti kwenye chungu kipya: mti mchanga kila baada ya miaka 2 au 3, mzee ukae hata 5. Huku kwetu nafanya masika yakianza, mawingu yapo na hewa ina unyevu. Punguza mizizi theluthi moja, siyo zaidi, na usiioshe ikabaki mitupu. Mti wa kitalu wenye udongo mfinyanzi, badilisha nusu moja ya bonge mara hii, nusu nyingine utakapouhamisha tena. Ufunge mti kwenye chungu kwa waya upite matundu ya chini, maana ukitikisika na upepo mizizi mipya inakatika. Kisha kivuli, na mkasi uwe mbali.

Mbolea: Wajapani wanaweka madonge ya mashudu juu ya udongo yayeyuke polepole. Mashudu ya alizeti au pamba yanafanya kazi hiyo hiyo. Yanavuta panya, kwa hiyo yafungie kwenye kitambaa cha wavu.

Bin Nizwa (Oman)

Assalaam alaykum wote. Nafurahi kuona uzi huu. Huku Jabal Akhdar kuna juniperi za asili, juu kule kuanzia kama mita 2,000, mizee imejipinda, nusu imekauka nusu hai. Ukitaka kujua bonsai inaigiza nini, panda kule uitazame. Zile za chini mlimani hali zao mbaya, nyingi zimekauka ncha, za juu zina afya zaidi. Sikuwahi kufikiria kuwa na kwetu bara iko ya jamii hiyo.

Swali: ule mti mkavu mweupe kwenye bonsai za Kijapani, unatengenezwa ama unatokea?

Chungu Bapa

Waalaykum salaam shehe. Yote mawili. Ulichokiona Jabal Akhdar ndicho chenyewe. Juniperi ina tabia kwamba kila upande wa mizizi unalisha upande wake wa matawi. Mzizi ukifa, ukanda mmoja wa shina unakufa, gome linadondoka, mbao inabaki nyeupe, na ukanda wa pili unaendelea na maisha. Kwenye bonsai tawi lililokaushwa linaitwa jin, na ukanda wa shina uliobambuliwa gome ni shari. Masahiko Kimura, bingwa wa bonsai wa Omiya, Japani, ndiye aliyewafungua watu macho kuhusu mbao kavu za kuchongwa, mpaka kwa mashine.

Ila kabla ya kubambua gome, fuata kwa macho ukanda hai kutoka mzizi mpaka tawi. Ukiukata katikati, kijani chote cha upande ule kitaondoka. Anza na jin ya tawi ambalo ungelikata hata hivyo: liache kisiki kirefu, bana gome kwa koleo, livue, kisha rarua nyuzi za mbao kwa koleo badala ya kuchonga kwa kisu. Mraruko unafanana na kazi ya upepo, kisu kinafanana na penseli.

Nyundo

Waya tafadhali. Na kubana ncha kwa vidole, ambako vitabu vya zamani vyote vinasisitiza.

Chungu Bapa

Kubana ncha zote kwa vidole nimeacha, na wengi wameacha. Zile ncha ndizo injini ya juniperi, ukizing'oa zote kila wiki mti unapungua nguvu mpaka unapauka. Acha vichipukizi virefuke, kisha vile vilivyotoka nje ya umbo vikate kwa mkasi kwenye kiungo chake. Mkasi usikate katikati ya majani ya magamba, yatakuwa hudhurungi kwenye mkato.

Waya: alumini kwa anayejifunza, shaba iliyochomwa kwa aliyezoea. Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi, uzungushe kwa pembe ya nyuzi 45, ushike bila kubana. Tawi nene lizungushie kwanza katani iliyolowekwa, halafu waya, halafu pinda kidogo kidogo. Kipindi cha Juni mpaka Agosti ninakipenda kwa kazi hii, mti umepoa. Utoe waya ukianza tu kuzama kwenye gome, kwa kuukata vipande, usiufungue kwa kuuzungusha.

Wa Limuru

Mti mmoja mmoja tu ama naweza panda kama msitu? Nina vichipukizi vingi vya kukata.

Chungu Bapa

Unaweza: bonsai moja mashuhuri sana Marekani ni msitu wa juniperi. John Naka, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyezaliwa Colorado mwaka 1914, alianza mwaka 1948 na juniperi za aina ya Foemina, akawa anaongeza mpaka zikafika 11, kila mjukuu wake na mti wake. Msitu huo unaitwa Goshin. Aliutoa mwaka 1984, uko kwenye jumba la makumbusho la bonsai ndani ya bustani ya taifa ya miti pale Washington. Miti yenyewe imenyooka tu, haina makombokombo, na bado watu wanasimama mbele yake.

Kwa hiyo vipandikizi vyako, ndugu, vichome kwenye mchanga mzito wenye moramu, kivulini, ufunike kwa nailoni. Vitachelewa kuota mizizi. Usivivute kuona kama vimeshika.

Mama Kitalu

La mwisho kwangu. Hiyo mbao kavu haitaliwa na mchwa? Nimeona mtandaoni wanapaka dawa ya salfa na chokaa, tena mjomba wangu Mtwara ana salfa ya mikorosho. Nichemshe?

Chungu Bapa

Usichemshe jikoni dada yangu. Dawa hiyo ni kali kwa ngozi na macho, inanuka mayai viza, na ikikutana na tindikali inatoa hewa ya sumu. Japani wanaipaka kwa sababu inaifanya mbao iwe nyeupe na kuzuia kuoza.

Lakini wewe una mtarakwa. Nguzo za uzio za wazee wako zimesimama ardhini miaka mingapi bila dawa? Moyo mwekundu wa mtarakwa mchwa hawautaki. Kinachooza ni ile mbao changa ya nje iliyo nyeupe. Kwa hiyo kwenye jin ya tawi nene, kwangua mpaka ufike kwenye wekundu, isugue kwa mswaki mkavu mara moja moja kuondoa ukungu, na hakikisha maji hayatuami kwenye mashimo. Sehemu inayogusa udongo ndiyo ya kuangalia zaidi, inua mti kidogo kwenye chungu utakapouhamisha. Nguvu ya umeme ikirudi nitapandisha picha ya moja niliyoiacha bila dawa yoyote, muione rangi yake.